Njia ya Kutoka Kiwanjani

Walimu wenzangu mliobaki kazini, kabla sijakabidhi filimbi mliniomba niwaandikie namna ya kusema na wazazi wa watoto wanaocheza mpira. Nimestaafu mwezi uliopita, na mke wangu ameshachoka kuniona nikipanga viti vya ukumbini kwa mstari na kuvikagua, kwa hiyo nimechukua kalamu. Mambo ya vyeo sitayagusa. Nitaeleza miaka ya arobaini tu, nilipokuwa kijana mwalimu wa drili, yaani mazoezi na michezo, kwa sababu ndiyo miaka niliyokosea zaidi.

Siku ya kwanza nilifika shuleni na kaptula iliyopigwa pasi mpaka ingeweza kusimama peke yake. Mwalimu Nasoro, mtu wa makamo aliyefundisha hesabu na kusimamia michezo kabla yangu, alinitazama juu hadi chini, akanipa ufunguo wa kabati. Ndani yake mlikuwa na mpira mmoja wa ngozi, kibofu kimoja cha ndani chenye viraka vinne, pampu ya baiskeli na sindano ya kushonea magunia. Vita vilikuwa vikipiganwa, na vibofu vya mpira havikupatikana kwa namna yoyote.

"Huu ukifa," akaniambia, "utawafundisha kuruka kamba."

Juma lile lile niliupaka mpira mafuta ya nazi, nikidhani nimefanya la maana. Ukawa mtelezi kama samaki, golikipa akautia golini mwake kwa mikono yake mwenyewe, na usiku panya wakaila kamba yake yote. Mafuta ya kondoo ndiyo yafaayo, enyi wenzangu, kidogo tu na kwa kitambaa, kisha mpira uanikwe kivulini. Hilo mkilisahau mtalikumbushwa na panya.

Mwalimu Nasoro hakuwa mtu wa maneno mengi. Alinifundisha kupiga filimbi fupi kwa kosa dogo na ndefu kwa kosa kubwa, na kutompigia kabisa mtoto aliyeanguka peke yake. Jambo kubwa alilonipa alilisema tukiwa tumesimama pembeni mwa uwanja, watoto wakikimbia. "Hapa kila mtu yuwatazama mpira. Wewe watazame watoto." Nilijibu ndiyo, na kwa mwaka mzima nikaendelea kuutazama mpira.

Kiwanja chetu kilikuwa upande wa Makupa, wakati nyumba huko zilikuwa bado za kuhesabika. Watoto wetu wengi walitoka Mji wa Kale, wakija kwa miguu mitupu baada ya chuo cha Kurani, na baba zao wakifuata wakishaswali alasiri. Mama zao hawakufika kiwanjani, lakini msidhani hawakujua kitu. Matokeo yalifika jikoni kabla wachezaji hawajafika Makadara njiani, pamoja na jina la aliyekosa goli.

Nilipokwisha kuzoea, nikawaita wazazi shuleni wazungumze juu ya malezi ya mtoto mchezaji. Wanaume walikaa kwenye mikeka barazani. Wanawake walikaa darasani, madirisha wazi, na maneno yao yakawa yanatolewa na Bi Kibibi, nyanya wa golikipa wetu, aliyekuwa na sauti iliyoweza kumfikia muadhini akiwa juu. Mzazi mmoja akauliza kama mtoto apewe mayai mabichi. Mwingine akalalamika kwamba mwanawe akila wali wa adhuhuri hutapika kipindi cha pili. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na miwili, sina mke wala mtoto, nikajibu kila swali.

Mwisho, kahawa ilipokuwa ikizungushwa, nikasema neno ambalo ndilo lililonifanya niandike haya. "Kosa lisemwe lingali moto," nikawaambia. "Msingoje kesho. Mkiwa njiani kurudi nyumbani, mwelezeni mtoto kila alipokosea." Mkiniuliza nililitoa wapi, sijui. Nadhani nililitunga pale pale kwa kupenda lilivyosikika.

Fundi Athumani aliinua mkono. Huyu alikuwa akitengeneza masanduku ya harusi, yale ya mbao nzito yaliyopambwa kwa misumari ya shaba, na mwanawe Mbaraka alikuwa winga wetu wa kushoto.

"Yote, Mwalimu?" akauliza.

"Yote, Fundi."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa kipimo cha kazi.

Mbaraka alikuwa na miaka kumi na mmoja, mwembamba, akikimbia na ulimi nje. Ndiye aliyekuwa akifika kwanza kiwanjani ili apate kuushika mpira nikiupiga pampu, akiuwekea sikio kusikiliza kama kiraka kinavuja. Nimefundisha watoto wengi wenye miguu mizuri kuliko yake, lakini aliyeupenda mpira kama yeye simkumbuki. Nami nilimpenda, ingawa siku hizo mwalimu hakusema neno kama hilo.

Kila Jumamosi mchezo ulipokwisha, niliwaona baba na mwana wakiondoka. Fundi alikuwa akisema, akihesabu kwa vidole vya mkono wa kulia, na vikiisha anahamia vya kushoto. Mtoto alifuata nyuma yake. Mwanzo alikuwa nyuma hatua moja. Baada ya miezi akawa nyuma hatua kumi, na Fundi alilazimika kupaza sauti ili kosa la nane limfikie. Niliyaona haya kwa macho yangu, na naona aibu kuandika kwamba yalinifurahisha. Nilisema moyoni, kweli huyu ni mzazi anayefuata nasaha.

Siku moja Mbaraka aliteguka kifundo cha mguu, baba yake akambeba mgongoni mpaka nyumbani. Alipumzika, akapona, akarudi uwanjani. Sikulifikiria zaidi.

Kisha ikaja Jumamosi ya mchezo na watoto wa mtaa wa pili. Watu walikuwa bado msikitini, nami nilikuwa nikichora mistari kwa majivu, nilipomwona Mbaraka akija kwa kuchechemea, damu ikifuata. Nilimkalisha juu ya jiwe nikautazama unyayo wake.

"Nimekanyaga msumari ndiani, Mwalimu," akasema kabla sijamuuliza.

Niliung'oa kwa vidole. Ulikuwa mfupi, wa shaba, kichwa chake cha mviringo. Nao ulikuwa umeingia pale katikati ya unyayo panapopinda, mahali ambapo mguu wa mtu haugusi chini hata akitembea siku nzima. Niliutazama msumari, nikautazama mguu, nikamtazama mtoto. Hapo ndipo nilipolitii neno la Mwalimu Nasoro kwa mara ya kwanza.

"Mbaraka, huu hukuukanyaga."

Akainama.

"Wauogopa mpira?"

"La!" Aliinua uso kwa haraka, kana kwamba nimemtukana. "Naupenda, Mwalimu. Napenda kuteza kuliko siku ya Idi."

"Basi ni nini, mwanangu?"

Aliifuta damu kwa kiganja, akajipangusa kwenye jiwe. Halafu akasema, akiutazama mguu wake, "Nikiumia baba hunibeba. Siku ile ya kifundo alinibeba mpaka nyumbani, na makosa hakunambia hata moja. Aliniuliza tu, 'Waumia, baba? Waumia?' Ndia nzima." Akapangusa pua kwa mkono. "Usimwambie, Mwalimu. Niahidi."

Nikamwahidi. Sikuwa na nguvu ya kufanya jingine.

Fundi alipotokea na wenzake, aliona damu kutoka mbali akaja mbio, mtu mzima na kanzu yake, viatu vikimtoka. Alivua kofia, ile nyeupe ya kushonwa kwa mkono anayoivaa mtu miaka, akaufuta mguu wa mwanawe kwayo bila kufikiri. "Panda, baba," akasema, akachuchumaa. Mbaraka aliweka shavu lake kwenye bega la baba yake akafumba macho. Nimeona watoto waliopewa vikombe, nimeona watoto waliobebwa juu kwa ushindi. Uso uliotulia kama ule sikuuona tena.

Tulimpeleka hospitali akadungwa sindano, na dresa, yule mfunga vidonda, akatuambia tumwangalie taya zake siku kadhaa, kwani msumari huweza kuleta pepopunda. Mnaoijua pepopunda mnaelewa siku hizo nilikuwaje. Kila asubuhi kabla ya kengele nilipita kwao, namwambia mtoto, "Fungua kinywa," anafungua, nami naenda zangu nikiwa nimepata pumzi ya siku moja nyingine.

Nilimweleza Mwalimu Nasoro yote, maana nisingeweza kuyabeba peke yangu. Nikamwambia, nimemwahidi mtoto, na baba asipojua mtoto atajidunga tena. Alikuwa akisahihisha hesabu, na hakuiweka kalamu chini.

"Siri ya mtoto usiitoe," akasema. "Lakini lile neno la barazani lilikuwa la nani?"

"Langu."

"Basi lako waweza kulitoa."

Jioni ile ile nikaenda kwa Fundi. Alifanya kazi chumba cha mbele cha nyumba yake, mlango wazi, na pazia likitenga ndani. Nilipiga hodi, nikakaribishwa, tukaulizana hali za watu wa nyumba zetu zote mbili na za mtaa mzima. Nikaona hana kazi mkononi. Sanduku lilikuwa mbele yake, nusu limepambwa, na juu ya kifuniko paliwekwa msumari mmoja wa shaba peke yake.

"Huu ulitoka mguuni mwa Mbaraka, Mwalimu. Nilikuomba hospitali ukanipa. Wakumbuka?"

"Nakumbuka, Fundi."

"Ndiani hapana misumari kama huu. Misumari hii iko kwangu." Aliusukuma kwa kidole. "Mwanangu aliutukua hapa, akajidunga. Mimi si mjinga. Nisilolijua ni kwa nini."

Nyuma ya pazia mama yake Mbaraka akasema, taratibu, "Siku za mpira hali kitu, Mwalimu. Akishinda hali, akishindwa hali. Namuekea chakula mpaka chapoa."

"Nimekata shauri," Fundi akasema. "Ni huu mpira. Umemwingia kitwani umemtia wazimu. Akipona haendi tena kiwanjani, basi."

Nilimkumbuka yule mtoto na sikio lake juu ya mpira, akisikiliza kiraka. Kama ningenyamaza wakati ule, mpira ungebeba lawama yangu, na Mbaraka angepokonywa kitu alichokipenda kwa ajili ya maneno ya mtu aliyetaka kusikika vizuri. Kumwambia mtu mzima nimekosa, tena mbele ya mkewe, kuliniwia vigumu kuliko nilivyotazamia.

"Fundi, mpira hauna kosa. Kosa ni langu."

Akanitazama.

"Niliwaambia barazani mseme makosa ya mtoto njiani, yote. Nilisema nisichokijua. Sina mtoto, wala sijapata kurudi na mtoto kutoka kiwanjani. Njia ile ndiyo anayoiogopa. Nisamehe."

Alitwaa randa akaiweka pale pale ilipokuwa.

"Sikuacha hata siku moja," akasema mwishowe. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Hata nilipokuwa na homa nilikwenda, nikamwambia. Nikifikiri nampa dawa."

"Najua."

"Babangu mimi hakupata kuja kunitazama nikiteza. Hata mara moja. Uliposema lile neno nilifurahi, Mwalimu. Nilisema, hili naliweza. Kazi yangu ni kuona penye kosa, ubao ukienda upande mimi huona kabla ya mtu yeyote. Nikasema, kumbe na mimi n'na kitu cha kumpa mwanangu."

Machozi yalimtoka, hakuyaficha, nami nikayatazama masanduku.

Alipojifuta akauliza, "Sasa nimwambie nini?"

"Usimwambie kitu."

"Kutoka Makupa hadi hapa? Watu watadhani tumeteta!"

Nyuma ya pazia tukasikia kicheko kilichozuiwa kwa mkono. "Muulize kama ana ndaa," mama akasema. "Hilo lakushinda nini?"

Taya za Mbaraka hazikukaza, Alhamdulillahi, na kidonda kikafunga. Kabla hajarudi uwanjani niliwaita wazazi tena. Nilisimama mbele yao nikasema kwamba neno langu la mwaka jana lilikuwa baya, na walifute. Mzee mmoja akauliza, "Na mayai mabichi nayo?" Watu wakacheka, nami nikapata mahali pa kukaa. Sikumtaja Mbaraka wala baba yake.

Siku ile sikufundisha. Walifundishana wenyewe na mimi nikaandika, na mengi katika yale niliyowaambia wazazi miaka yote baadaye nikaonekana mwerevu ni ya barazani pale. Mama wa yule mtapikaji akasema amekwisha jua: siku ya mchezo humpa mkate na chai mapema, wali humngoja akirudi. Baba mmoja akaungama kwamba alimwahidi mwanawe kanzu mpya kwa kila goli, na tangu hapo mtoto hampi mwenzake mpira hata mwenzake akiwa mbele ya goli peke yake. Bi Kibibi akatoa amri dirishani kwamba jezi ifuliwe na mwenye jezi, si na mama yake, na kucha za miguu zikatwe kila Ijumaa, maana mjukuu wake amechanwa vya kutosha. Wakabishana juu ya wanaume wanaopiga kelele pembeni mwa uwanja. Ikapatikana tiba: mwenye kushindwa kuuzuia ulimi atie tambuu ya kutafuna kinywani kabla ya filimbi ya kwanza. Tambuu haimruhusu mtu kusema mpaka ateme, na wakati huo kosa limeshapita. Nimeijaribu kwa wazazi kwa miaka thelathini, na bado sijaona dawa inayoishinda. Mjue tu kwamba mistari yenu ya uwanja itakuwa na madoa mekundu.

Fundi Athumani alikaa mwisho wa mkeka akisikiliza.

Jumamosi Mbaraka aliyorudi tulifungwa manne bila. Ningependa kuwaandikia kwamba alicheza vizuri. Alikosa goli lililokuwa wazi kabisa, golikipa wao akiwa amelala chini, akaupiga mpira juu mpaka ukaenda kwa mbuzi. Nilimgeukia Fundi. Alikuwa na tambuu shavuni kama mtu mwenye jino bovu, mikono nyuma, macho yamemtoka.

Mchezo ulipokwisha nikaubeba mpira nikawafuata kwa mbali, kwani njia yetu ilikuwa moja. Sikujivunia kuwafuata, lakini nisingeweza kufanya vingine. Baba alitangulia na mtoto akawa nyuma, hatua zile zile kumi. Vidole vya Fundi vilikuwa vikifunguka na kufunga mgongoni mwake, vikihesabu peke yake. Mara mbili aligeuka na kinywa wazi, mara mbili akakifumba. Mbaraka kila alipomwona akigeuka aliinamisha kichwa, akingoja.

Makadara Fundi alisimama kwa muuza bajia. Nilimsikia akiuliza, kwa sauti ya mtu anayesoma barua ya mwingine, "Una ndaa?"

Mtoto akasema ndiyo. Akapewa. Wakaendelea kutembea, na kwa kuwa bajia zilikuwa mkononi mwa baba, ikambidi mwana asogee. Kisha nikasikia sauti ndogo, "Baba, lile goli..." Sikusikia yaliyofuata. Niliona tu Fundi akipunguza mwendo, akainamisha kichwa upande wa mtoto, na mimi nikakata kona kwenda kwangu kabla sijaonekana.

Asubuhi ya Jumatatu Fundi alikuwa langoni mwa shule kabla ya kengele. Nilidhani kumeharibika. Tukasalimiana, akaulizia hali yangu, nikaulizia yake, naye alikuwa hawezi hata kungoja salamu ziishe.

"Mwalimu, yule mtoto yuwasema! Mimi miaka yote sikujua. Lile goli alinieleza lote, upepo ulikotoka, mguu aliouweka, kila kitu, hata makosa ambayo mimi sikuyaona. Akaniambia na ya shule, na ya rafikize, na ndege gani amemuona."

"Mpaka mkafika nyumbani?"

"Tulifika, mamake ameshafungua mlango." Aliangalia chini, akatabasamu kwa haya kama kijana. "Nikaupita, Mwalimu. Nikampitisha mtaa wote tena, mara tatu, nisije nikasimama akanyamaza."